Mama Mkwe Anakula Chakula cha Mgonjwa Mbele ya Macho Yake

Admin, jina langu liweke kapuni, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimezaliwa Mbeya mjini, nimeolewa huku Kinyala, Rungwe. Nina mimba kubwa. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho si cha mimba, na wale wa kuniambia "vumilia dada, ndoa ndivyo zilivyo", leo naomba mpite kimya kimya.

Nilipoletwa hapa nilikabidhiwa mila. Huku mke wa kijana haonani na baba mkwe. Humtazami, humtaji jina, mkikutana njiani unajitosa migombani mpaka apite. Wanaita ukutila. Mimi wa mjini niliona mambo ya kizamani, lakini mama mkwe alinikalisha jikoni akasema, "Mwanangu, ukimtazama tata, huyu baba mkwe wako, usoni utamletea balaa mtoto wako. Wewe pika, mimi nitampelekea." Nikakubali, heshima si utumwa. Baba mkwe mwenyewe alikuwa ameshapigwa kiharusi, hatembei wala hasemi, analala chumba cha uani nyuma ya jiko.

Basi nikawa napika. Ndizi nyama, maharage ya kuunga, maziwa mgando pembeni, vyote laini kwa ajili ya mgonjwa. Mama mkwe anabeba sinia, anaingia, anarudishia mlango, halafu namsikia kwa sauti nyororo: "Kula, mume wangu. Mkweo amekupikia ndizi leo. Haya, kidogo tena. Kunywa na maziwa." Jamani, nilikuwa nafuta machozi kwa kanga! Nikamwambia mume wangu natamani na sisi tuzeeke vile. Akacheka. Alicheka mpaka nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu.

Wanakwaya wakija kumwombea, mama anawaambia mzee amesinzia, waombe hapo hapo uani. Wanaomba, wanamsifu, wanasema mama huyu mbingu yake ipo. Harufu ilikuwepo, siwezi kudanganya. Nikijaribu kuuliza, ananijibu kwamba wagonjwa wote wananuka na mimba inanidanganya pua.

Wiki iliyopita alishuka Tukuyu sokoni kuuza ndizi. Mchana nikasikia kishindo chumba cha uani, kisha kitu kinakwaruza mlango kwa chini. Mila inataka niite jirani, lakini majirani wote walikuwa mashambani wanachuma chai. Nikasema liwalo na liwe, nikasukuma mlango.

Mungu wangu! Alikuwa sakafuni, amebaki mifupa na ngozi, amelala kwenye kinyesi chake, kingine kibichi, kingine kimekaukia miguuni. Mgongo umeoza, nzi wanaingia na kutoka kwenye vidonda. Kona ya blanketi ameitafuna. Na mbele ya kitanda chake kipo kigoda, kimeelekezwa usawa wa uso wake, na chini ya kigoda mifupa ya nyama niliyopika mimi jana yake, imenyonywa ikawa myeupe. Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mama alikuwa anakaa pale, anakula sinia lote huku akimbembeleza, ili mimi nisikie. Nilitapika hapo hapo mlangoni. Kisha nikaleta maziwa, nikamnywesha, akanishika kidole akawa hataki kukiachia.

Mama mkwe aliporudi alitukuta. Unajua alianza na nini? "Umemtazama?" Hakukana hata kidogo. Akaketi kwenye kile kigoda akasema, "Huyu alikuwa anakula nyama peke yake amefunga mlango, wanangu wamesimama dirishani wanameza mate. Mdogo wao tulimzika, tumbo limevimba kwa njaa, na yeye siku hiyo alikula akashiba. Nampa uji wa kumfanya asife haraka. Sasa ni zamu yangu kula." Nikamtazama mzee ili walau atikise kichwa kwamba ni uongo. Akafumba macho.

Kwa hiyo naamini. Naamini kabisa kwamba alikuwa mnyama. Lakini na wao ni nini?

Mume wangu, mtu ninayelala naye, aliniambia bila aibu, "Mwache mama ale. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa dirishani." Nikasema nakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Akajibu, "Nenda. Mpishi ni nani hapa? Aliyevunja mila akamtazama mzee ni nani? Akifa, kijiji kizima kitajua nani amemletea balaa." Tangu siku hiyo chumba kina kufuli, na ufunguo mama amefunga kiunoni.

Jana mume wangu ameniita zizini kunionyesha dume linalonenepeshwa. Huku msiba ni nyama, marehemu anapimwa kwa ng'ombe wanaochinjwa. Akalipiga mgongoni, akasema kwa sauti, "Hili ni la mzee. Watu watakula mpaka wasahau kulia. Anza kuulizia masufuria makubwa kwa majirani." Zizi limepakana na ukuta wa kile chumba. Mzee anasikia kila neno.

Ndugu zangu, nikisema, baba wa mtoto wangu anafungwa, na mimi nitajifungua nimerudi kwetu na jina la mwanamke aliyemuua mkwe wake. Nikinyamaza, huyu mzee atakufa kwa njaa huku nyama inanukia ukutani kwake, na mimi ndiye nitakayepika msibani, watu wakilamba vidole na kunisifu. Leo asubuhi mama mkwe amekuja jikoni anatabasamu: "Mwanangu, leo mwekee tata na mchuzi mwingi, anaupenda." Nimebandika. Kitaiva muda si mrefu, na sinia ameshaliosha.

Nishaurini upesi, niipue au nikimbie sasa hivi kwa mtendaji?