Siku Nekesa Alipokataa Kusimama

Kuna asubuhi moja ya majira ya baridi ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, na nitakusimulia kwa sababu ya vile nilivyokuona Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa umeegemea gari lako nje ya kanisa, mtoto mmoja begani, mwingine anakuvuta koti, na nilipokuuliza kuwafundisha watoto nyumbani kunaendaje ukacheka kidogo, ukasema, "Tunasukuma tu, Mzee." Kicheko hicho nakijua. Nilikicheka miaka mingi kabla yako.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Irving, hapa hapa Texas, orofa ya juu, karibu sana na uwanja wa ndege, hata ndege ikipita tunanyamaza mpaka iishe ndipo tumalizie sentensi. Nilikuwa kijana bado. Nilikuwa nimepakia mizigo kwenye ghala mpaka mgongo ukaharibika, daktari akanikataza kuinua chochote kizito. Mke wangu Nasimiyu alikuwa muuguzi katika hospitali moja mbali na kwetu. Alitoka na gari letu, lile moja tulilokuwa nalo, kabla hakujapambazuka, akarudi jua limeshatua. Mimi nilibaki nyumbani na watoto: Nekesa, msichana wa miaka minane, na Barasa, wa mitano.

Nekesa alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Ni ugonjwa wa damu. Siku damu ikikwama mwilini, mifupa inauma maumivu ambayo hata mtu mzima hulia, na homa ikiingia ni lazima umkimbize hospitali. Alikuwa ameanza shule kama watoto wengine, lakini wiki hii yuko darasani, wiki ijayo yuko kitandani, na kila akirudi anakuta wenzake wameshafika mbali. Walimu walikuwa watu wazuri. Ila jioni moja nilimkuta bafuni analia akiwa amefungua maji ya bomba ili tusimsikie. Basi kwa kuwa mimi nilikuwa nyumbani, mimi na mama yake tukaamua nimfundishe mwenyewe. Barasa akaingia darasani kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hapa Texas, kama unavyojua, hakuna mtu anayekuja kugonga mlango kukagua unachowafundisha wanao. Watu huuita uhuru. Mimi ulinitia hofu. Niliwaza, wakiharibika hawa, nimewaharibu mimi, na hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Kwa hiyo nilikaza. Asubuhi uji, kisha meza ile ile ya chakula inafutwa, vitabu vinatoka. Nekesa anasoma, mimi namkumbusha anywe maji. Barasa anahesabu maharagwe, halafu anayamwaga, halafu yuko chini ya meza anabweka kama mbwa. Nguo ziko kwenye mashine, sufuria iko jikoni. Ikifika saa sita mgongo umeshanichoma, nalala chali kwenye zulia, kitabu nimekishika juu ya uso, na kutoka hapo chini naendelea kufundisha. Barasa alikuwa akidhani walimu wote hufundisha wakiwa wamelala.

Uchovu wa ghalani niliuzoea. Unafika nyumbani, unavua viatu, unaoga, umepungua. Huu wa kushinda na watoto wako mwenyewe, ukiwa baba, mwalimu, mpishi na muuguzi kwa wakati mmoja, sikujua ni wapi mtu anauvulia viatu. Nao sikumwambia mtu. Nasimiyu alikuwa akirudi miguu imevimba, ananiuliza siku ilikuwaje, namwambia ilikuwa nzuri. Namuuliza yake, ananiambia ilikuwa nzuri. Tunakula, tunalala.

Chini yetu alikaa mama mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira, tuliyemwita Mama Riziki. Alikuwa ameshakuwa bibi, anaishi na mwanawe na mkaza mwanawe Esta, na wajukuu wadogo. Jua likitoka alikuwa anaweka kiti penye ngazi, na kila nikipita ananisimamisha. Aliniambia mara nyingi nimshushie Barasa asubuhi, acheze na wajukuu wake, nami nibaki na msichana peke yake. Nami kila mara nilimjibu kwa heshima kwamba nashukuru, sisi tuko sawa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mwanamume mzima, mke ndiye anayekwenda kazini, halafu hata watoto wawili wanamshinda? Nilipanda ngazi nikaufunga mlango.

Sasa asubuhi yenyewe. Baridi ilikuwa imeshuka ghafla kutoka kaskazini, kama inavyofanya huku. Jana yake watu walikuwa wamevaa fulana, siku hiyo vioo vya magari vimeganda. Nilipotoka jikoni nilimkuta Nekesa ameshakaa mezani, amevaa sweta na kujifunika blanketi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo tutamaliza mapema.

Alifanya hesabu zake zote bila kosa. Ila alikuwa anamtuma sana mdogo wake. Barasa niletee penseli, Barasa niletee maji, Barasa chukua kile kitabu. Nikamwambia mdogo wake si mtumishi wake. Akasema, "Sorry, Baba." Nikamtazama, nikamuuliza kama yuko sawa. Watoto wetu ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, wewe unajua. Akasema, "I'm fine." Hata akanitabasamia.

Tulikuwa na desturi yetu. Akimaliza kusoma hadithi, anasimama karibu na dirisha, ananisimulia ile hadithi kwa Kiswahili, ili lugha isimpotee. Siku hiyo akaniomba asimulie akiwa amekaa. Nikakataa. Akasema hataki kusimama. Nekesa hakuwa mtoto wa kusema hataki, na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo hata neno dogo la mtoto linakuwa kama tusi. Nikapandisha sauti. Akaweka viganja juu ya meza, akajisukuma, akainuka nusu, na uso wake ukabadilika rangi. Hakulia. Magoti yalimwachia tu. Nikamdaka kabla hajafika chini, na joto la mwili wake nikalisikia kupitia sweta.

Nilimbeba, mgongo au si mgongo. Nilishuka ngazi, Barasa nyuma yangu bila viatu, nikaupiga mlango wa Mama Riziki kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Esta alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, alikokesha akihudumia wazee. Bado alikuwa na sare yake. Alichukua funguo za gari lake. Mama Riziki akamnyanyua Barasa, akaingia naye ndani, na tayari tulikuwa barabarani.

Nilikaa nyuma na Nekesa, kichwa chake kwenye bega langu. Nikamuuliza ilianza lini. Akanijibu kwa Kiswahili, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi.

"Tangu jana, Baba. Nilikuona umechoka. Nikasema nitangoja kwanza upumzike."

Nimesikia mambo mengi maishani, mwanangu. Nimeambiwa kwa simu kwamba mama yangu amefariki na mimi niko ng'ambo hii, sina namna ya kufika mazishini. Lakini maneno ya yule mtoto ndani ya gari la Esta ndiyo yaliyoniuma kuliko yote.

Hospitalini walimwekea maji na dawa ya maumivu, wakampa oksijeni. Kifua kilikuwa kimeanza kushikwa. Daktari alisema bila kunificha kwamba tungengoja hadi jioni mambo yangekuwa mengine. Nasimiyu alifika kutoka kazini kwake, akasimama upande wa pili wa kitanda, na hatukuweza kutazamana.

Siku iliyofuata Nekesa alikuwa amepata nafuu kidogo, mama yake akanituma nyumbani nichukue nguo. Nikapitia kwa Mama Riziki kumwona Barasa. Aliniketisha, akaniwekea ugali na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, akanikataza kusema lolote kabla sijala. Nilipokula kidogo nikamwambia kinachonitesa. Nikasema sijui mtoto mdogo hivi alijifunza wapi kuficha maumivu.

Mama Riziki akaweka kikombe chake chini.

"Baba Nekesa, utanisamehe. Weye ndiye mwalimu yake. Toka asubuhi mpaka magaribi anakuangalia weye tu. Kila siku miye niko nakuuliza, na kila siku unaniambia muko sawa, na ule mtoto anasimama pale kando anasikia. Anaona baba yake anashuka ngazi kama mzee, anasema yuko sawa. Unafikiri ni nini anajifunza?"

Akaendelea, sauti yake imeshuka.

"Batoto bangu batatu niliwazika njiani tukikimbia vita. Sikupata mtu wa kumwambia nimechoka. Weye uko na miye hapa chini, na unapita."

Alinisukumia sahani karibu. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilisinzia pale pale kwenye kiti chake na tonge mkononi, mchana kweupe. Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa shuka, na Barasa alikuwa sakafuni akicheza na wajukuu kimya kimya, kwa sababu bibi yao alikuwa amewaambia baba analala.

Niliporudi hospitalini nilimwita Nasimiyu tukae kwenye ukumbi wa chakula, nikamwambia kwamba nimechoka, na kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nimechoka. Nilitegemea atashangaa. Alinishika mkono, akaniambia kwamba kila jioni akifika nyumbani hukaa garini kwanza, injini imezimwa, hadi apate nguvu ya kupanda ngazi na kutabasamu. Mimi nilikuwa nadhani anacheleweshwa na foleni. Tulikaa pale watu wawili, kila mmoja amekuwa akimlinda mwenzake kwa kumwacha peke yake.

Basi tukapunguza. Asubuhi Barasa alishuka kwa Mama Riziki, akarudi saa ya chakula anaongea Kiswahili cha Uvira mpaka mama yake akawa anacheka. Masomo yakaishia mchana. Na kabla ya kufungua kitabu chochote, mimi na Nekesa tulianza kuambiana mwili unasemaje. Yeye anasema ni goti, mimi nasema ni mgongo. Akiumwa, analala upande mmoja wa zulia, mimi upande mwingine, nasoma kwa sauti, ndilo somo la siku hiyo. Kuna siku hata hilo hatukulifanya. Tulitazama tu ndege zikipanda.

Sitakudanganya kwamba uchovu uliisha. Haukuisha. Ulipata tu watu wa kuubeba. Mgongo wangu hadi leo unanidai, na Nasimiyu amezeeka miguu kabla ya mwili. Nekesa sasa ni mtu mzima, yuko Stafford, karibu na Houston, na mumewe, na bado kuna miezi anayolazwa, nasi tunaendesha gari hadi Houston tukimwombea njia nzima. Barasa alichelewa kusoma kuliko nilivyotaka, kisha siku moja akasoma, na hakuna anayemuuliza leo alianza akiwa na umri gani. Mama Riziki tulimzika hapa hapa Texas, mbali na Uvira. Familia iliniomba niseme neno nikashindwa. Nekesa ndiye aliyesimama akasema.

Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu, na sitaipamba. Watoto unaowafundisha nyumbani hawakusomi wakati wa somo peke yake. Wanakusoma ukiwa jikoni, ukiwa kwenye simu, ukipanda ngazi, hata ukinyamaza. Ukiwaficha udhaifu wako watadhani udhaifu ni aibu, nao watakuficha wa kwao, siku ambayo ungehitaji sana kuujua. Mwambie mkeo ukweli wa siku yako kabla hamjalala. Jirani akinyoosha mkono kumpokea mtoto, mpe mtoto. Ukiwa umechoka kupita kiasi funga vitabu. Kesho vitakuwepo. Na mtoto anayekubali kila kitu bila kulalamika, huyo ndiye wa kumtazama mara mbili.

Jumamosi niletee hao wawili hapa kwangu, Nasimiyu ameshakubali, nawe ulale hadi uamke mwenyewe. Mungu akutie nguvu katika mikono na subira katika sauti. Wanao wakue wakijua wanaweza kukuambia lolote. Nyumba yako isikose mtu wa kugonga mlango, wala wewe usikose moyo wa kuufungua. Nenda kwa amani, mwanangu.