Siku Dada Alipopanda Treni Wazimu

Dada yangu aliomba kitu kimoja tu kabla ya kupelekwa kwenye kambi ya wakoma. Alitaka apande treni wazimu.

Hilo ndilo jina watu wa Tabora waliloliita dude lililoletwa mjini kwa reli kiangazi kile, wakati wa maonyesho ya wakulima. Wauza karanga wa kijijini kwetu walirudi na habari zake. Walisema ni vigari vidogo vilivyofungwa pamoja, vinavutwa kwa mnyororo hadi juu ya mlima wa mbao, kisha vinaachiwa vianguke vyenyewe kwenye reli, vipande tena, vianguke tena, na watu waliomo ndani wanapiga mayowe.

Mama alisema mgonjwa hana haja ya michezo. Baba alikuwa uani akichonga mzinga wa nyuki. Akasema bila kuacha kuchonga, "Atapanda."

Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda Ujiji. Baba yake baba aliipita na pembe ya ndovu begani kabla reli haijajengwa. Sisi tuliitumia kwenda shambani na kanisani. Dada alikuwa amefikia umri wa kuolewa na wazee wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kuzungumza. Mimi nilikuwa bado mtoto. Kati yake na mimi mama alizika watoto wachanga, kwa hiyo dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kutwanga na kusoma, na nilipolala nililala ubavuni mwake.

Lile baka lilianza nyuma ya mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Lilikuwa na rangi iliyofifia kuliko ngozi yake, wala halikuwasha. Mama alilisugua kwa majani hadi ngozi ikachubuka, na dada alikaa kimya akitazama kuku. Wakati ule nilidhani ni uvumilivu. Baadaye wakaenda zahanati ya misheni. Dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda, alimwambia dada afumbe macho, akamchoma kwa sindano pale kwenye baka, akashuka hadi vidoleni, akawa anamwuliza, "Nimekugusa?" Dada alisema bado. Alikuwa amekwisha kuchomwa mara kadhaa.

Wale wazee wa mahari hawakuja tena. Hakuna aliyetuma neno. Mama aliendelea kufagia uwanja kila asubuhi kama anayengojea wageni, hata siku moja akaacha.

Tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara wa karanga. Baba alikuwa na madebe ya asali ya kuuza sokoni. Dada alivaa gauni la mikono mirefu aliloshonewa kwa ajili ya posa. Mama alibeba furushi kubwa kuliko safari yenyewe. Nililigusa nikahisi sufuria, na unga, na kanga mpya ambayo haijafuliwa.

"Mama, tunalala mjini?"

"Nyamaza."

Tulipofika, baba alituambia tutangulie uwanja wa maonyesho, nyuma ya mtaa wa Gongoni, yeye apeleke asali kisha atufuate. Mara tu alipopotea kwenye watu, mama alimshika dada mkono wa kushoto akaanza kwenda upande mwingine. Alikwenda haraka, nikawa nakimbia. Nilijua njia ile inaelekea stesheni.

"Mama, uwanja uko kule," dada alisema.

"Mchana kuna treni ya Kigoma. Kuna mganga huko, ng'ambo kidogo ya mji. Amemponya mke wa mtu ninayemfahamu. Tutakaa kwake mpaka ngozi irudi."

Dada alisimama. Watu walitupita na baiskeli na mikokoteni.

"Na baba?"

"Baba yako amekubali kukutoa. Mimi sijakubali." Sauti ya mama ilikuwa ya chini kabisa. "Mwanangu, wakishakuingiza kule hutoki. Utakuwa na bakuli lako peke yako na blanketi lako peke yako, na ukifa watakuzika wao. Nimezaa watoto wangapi nikabaki na nyinyi wawili? Nakuomba. Mimi mama yako nakuomba."

Sijawahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto namna ile. Nilitamani baba atokee, na nilitamani asitokee.

Dada alimgeukia. "Nipande kwanza," alisema. "Nikishuka, nitakwenda popote utakapo."

"Unaahidi?"

"Naahidi, Mama."

Basi tukarudi. Mama alitembea nyuma yetu akitazama jua.

Siku ile ilikuwa zamu ya Waafrika kuingia uwanjani, na umati ulikuwa mkubwa. Baba alitukuta kwenye mstari, ameshika mahindi ya kuchoma. Alikuwa mchangamfu kwa namna iliyonitia uchungu, anauliza hili na lile, anatucheka kwamba tutatapika. Mama hakula. Niliyatafuna mahindi yangu bila kuyasikia utamu. Moyoni nilikuwa najiuliza kama nimwambie baba kwamba tukishuka tu ataachwa peke yake, na kama nikimwambia, dada atapelekwa kambini kwa sababu yangu. Mstari ulisogea nikiwa bado najiuliza.

Mimi na dada tulipewa kigari cha mwisho, baba na mama wakatungojea pembeni. Kilikuwa na benchi la mbao na fimbo ya chuma mbele ya kushikilia. Dada aliketi upande wa nje. Injini iliguruma, mnyororo ukatunasa kwa chini, tukaanza kupanda taratibu, tumelalia migongo kama tunaotazama mvua.

Kileleni vigari vilisita. Niliona mapaa ya bati yote ya mji, miti ya maembe, stesheni na mabehewa yaliyosimama, na nje ya mji pori la miombo lisilo na mwisho. Dada alinyoosha kidevu.

"Kambi iko upande ule, kusini," alisema. "Nilimwuliza dresa."

"Lakini umemwahidi mama Kigoma."

"Najua nilichoahidi."

Tukaanguka. Nilifumba macho nikalia kwa nguvu zangu zote, na katikati ya kelele za vyuma na za watu nikasikia kicheko. Dada alikuwa anacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya sindano. Alicheka tulipopanda kilima cha pili, alicheka tulipoanguka tena, akanigonga bega kwa bega kwenye kona, na vigari viliposimama alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa kushoto akisema, "Tena. Baba akubali, tupande tena."

Nilitazama gauni langu. Lilikuwa na damu mapajani. Kulikuwa na damu kwenye benchi na chini miguuni.

Dada naye akaiona. "Umeumia wapi?" aliniuliza, akaanza kunipapasa, na kila alipogusa akaacha damu zaidi.

Ilikuwa yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya fimbo na ubavu wa kigari, mahali palipokuwa na msumari uliochomoza. Kila tulipoanguka msumari ulikuwa ukiuchana. Kiganja kilikuwa kimepasuka, na vidole viwili vilikuwa vimekatika hadi kwenye weupe wa mfupa. Aliuinua karibu na uso akautazama kama kitu alichookota.

Kijana aliyekuwa akishusha watu alikuja na kitambaa. "Pole, dada, pole. Usiogope." Alianza kufunga, kisha akasita. "Huumwi?"

Mkono wa gauni ulikuwa umepanda hadi juu ya kiwiko. Kijana yule aliona baka, akaachia kitambaa, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeomba mtu mwingine aje.

Neno lilienda kwenye mstari mzima. Mwanamke aliyekuwa anangojea kupanda alimvuta mtoto wake akamfuta mikono kwa kanga, ingawa mtoto hakuwa amegusa kitu. Mwenye treni, Mzungu mnene aliyevaa kofia, alipewa habari, akaamuru kigari chetu kimwagiwe maji. Sisi tukaambiwa tutoke uwanjani. Watu walitupisha njia pana sana. Mpaka leo nikipishwa njia na watu wengi, hata kwa heshima, mwili unanisisimka.

Baba alikuja mbio. Alivua koti lake la kanisani akauzungushia ule mkono, akamkumbatia dada mbele ya watu wote. Kwetu baba hamkumbatii binti mkubwa. Alimkumbatia hivyo hivyo hadi nje ya uwanja.

Mama tulimkuta ameketi chini kwenye vumbi, furushi mapajani. Alikuwa ameona yote. Kutoka stesheni tulisikia filimbi ya treni.

Dada alisimama mbele yake. Damu ilikuwa imekwisha kupenya koti.

"Mama, nimeshashuka," alisema. "Kama bado unataka, twende."

"Twende wapi?" baba aliuliza.

Mama alifungua koti akaushika ule mkono. Aliminya pembeni mwa jeraha, kidogo, kisha kwa nguvu, huku akimtazama dada usoni. Uso wa dada haukubadilika. Akaminya tena. Nikataka kumwambia aache.

"Nikilala," mama alisema, "nani atautazama mkono huu? Ukiuweka motoni, nani ataniamsha?"

"Sijui, Mama."

"Yule mganga hana cha kufanya hapa." Alilisema hilo polepole, kisha akatoa kanga mpya kutoka kwenye furushi, akaichana kwa meno, akaanza kufunga. Alipomaliza ndipo alipolia, na alilia akiwa amefunga mdomo. Baba aliitazama ile sufuria iliyokuwa imejitokeza, na unga, akaelewa. Alilichukua furushi akalibeba mwenyewe. Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile.

Mwenye lori alikuwa amesikia habari. Alisema kwa adabu kwamba akitupakia, watu hawatanunua karanga zake. Tukarudi kwa miguu kwa njia ya zamani, jua likiwa usoni. Dada alichoka mapema, maana alikuwa amemwaga damu nyingi. Baba akambeba mgongoni, msichana wa kuolewa, miguu yake ikiburuza, na mama akatembea kando ameuinua ule mkono juu usije ukachuruzika. Tulipita wanawake wawili wanaochota maji. Tulikuwa na kiu, lakini mama hakuwaomba.

Wiki iliyofuata mama ndiye aliyempeleka kambini. Nililia nimeshika mlango, na dada aliniambia nisimguse kwa sasa, kisha yeye mwenyewe akanishika kichwa.

Vile vidole viwili havikupona, vilikatwa huko. Lakini kwenye kambi kulikuwa na vidonge vyeupe vya kutibu ukoma, vipya wakati ule, na baka likaacha kutambaa. Baada ya miaka kadhaa walimwambia yuko huru kurudi nyumbani. Alirudi, akakaa nasi msimu mmoja wa kilimo. Kwenye sherehe za jirani walimletea chakula kwenye jani, sisi wengine tukala kwenye sahani. Hakulalamika. Mvua zilipokwisha alifunga vitu vyake akarudi kambini, akaolewa huko na mwanamume aliyekuwa mgonjwa kama yeye, wakalima mpunga, wakapata watoto wenye afya.

Mimi nakumbuka zaidi ziara ya kwanza. Tulimkuta kwenye baraza ya jengo refu, amekonda, amenyolewa nywele. Mama alikuwa amejiandaa kusema mengi, njia nzima nilimsikia akinong'ona. Alipofika alimwuliza tu kama chakula kina chumvi.

"Kidogo," dada alisema.

Tulikaa mpaka tulipoambiwa saa za wageni zimekwisha. Mama alikuwa hajasema jambo jingine. Langoni aligeuka akamwambia baba, "Wanawatilia chumvi kidogo," na akalirudia hilo mara nyingi njiani, na jioni nyumbani, na kesho yake shambani, mpaka baba alipoacha jembe akaenda dukani.