Mbuzi, Kigingi na Mkanda wa Padri

Robi alikuwa amesema mkanda wa upadrisho wa Gichana ataufuma kwa mikono yake, na Robi akishasema, basi. Gichana ni mtoto wa marehemu kaka yake, yule kaka aliyepelekwa shule huku Robi akipelekwa machungani. Jumamosi angepadrishwa kule Asumbi. Leo ilikuwa Jumatano, na mkanda umegoma.

Robi anafuma kwa vibao: vipande ishirini vya mraba alivyokata kwenye boksi gumu, kila kimoja na matundu manne yenye uzi. Ukivizungusha vyote mbele, mistari ya rangi inalala upande mmoja, inapendeza mpaka basi. Lakini kila mzunguko unaacha msokoto nyuma ya vibao, kwenye nyuzi ambazo bado hazijafumwa. Ncha za nyuzi hizo alikuwa amezifunga zote kwenye msumari mmoja ukutani. Kufika mita ya kwanza zilikuwa zimejikunja na kukaza ajabu. Uzi mwekundu ukakatika, tap! Wa pili ukafuata.

"Mama Oliver, si uvizungushe kurudi nyuma?" alisema Mellen, akimwita Robi kwa jina la mwanawe. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na alikuja kukagua bila kuitwa.

"Nikirudisha, mistari inageukia upande mwingine. Mwenyekiti, huyo mtoto amekwenda mbele tu tangu darasa la kwanza. Mkanda wake haurudi nyuma."

"Basi tununue wa duka, pale Kisii. Usijitese."

Wa duka! Robi alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Akatoka nje asije akamtukana mgeni.

Nje mbuzi wake alikuwa amezunguka kigingi asubuhi nzima, kamba imejisokota mpaka shingo inainama. Robi hakuivuta. Tangu utotoni kule Kegonga anajua dawa: unafungua upande wa kigingi, unaacha kamba ining'inie, inajisokotoa yenyewe. Alipoishika ile ncha ikizunguka kiganjani, akapiga kelele, "Aka! Mjinga mimi!"

Akarudi ndani, akang'oa msumari. Nyuzi nne za kila kibao akazifunga kwenye chupa yake ya soda, chupa ishirini, kila moja na kikombe kimoja cha mchanga ili pasiwe na uzi unaovutwa kuliko mwenzake. Akazipitisha juu ya mti wa dari, chupa zikaning'inia. Alipozungusha vibao, chupa nazo zikazunguka polepole na kuutoa msokoto. Akaunga nyuzi zilizokatika, akafuma siku mbili, mgongo ukimuuma.

Jumamosi, nje ya kanisa, Mellen aliupitishia vidole ule mkanda kiunoni mwa padri mpya, akitafuta mahali mistari ilipogeuka. Hakupata.

"Haki, Mama Oliver, haya ulisomea wapi?"

Robi akamtazama Gichana, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Machungani, dada. Baba yake alipokuwa darasani."