Printa Iliyolala Ndani ya Leso

Udongo wa Kinanie ni mweusi na mzito. Ukilowa hushika kiatu na kukataa kukiachia. Wa Masii una wekundu uliochanganyika na mchanga, na ukiusugua kati ya vidole hulia kidogo. Haya sikuyasoma kitabuni. Nilifundishwa na mama wa mapokezi katika maabara ya kupima udongo mjini Machakos, mahali nilipoajiriwa kutunza kompyuta. Mkulima alikuwa hajafungua mdomo, naye ameshachungulia ndani ya mfuko wake na kumwambia, "Wewe umetoka Masii, tena shamba lako liko bondeni." Mkulima alicheka kama mtu aliyetabiriwa.

Wakulima walituletea udongo kwa chochote walichokuwa nacho: mifuko ya unga, makopo ya mafuta ya kupikia, siku moja hata soksi. Kila mzigo ulibandikwa stika yenye nambari, na stika hizo zilitoka kwenye printa ndogo ya kijivu, si kubwa kuliko mkate, iliyounganishwa na kompyuta ya mapokezi kwa waya ya USB. Bila nambari, udongo wa mtu ulikuwa udongo tu.

Marafiki zangu wa vikao vya fasihi jijini wakiniuliza ninaishi vipi kati ya riwaya moja na nyingine, huwajibu kwamba natunza kompyuta kumi na moja za watu wanaopima udongo. Hujibu huku nimenyoosha shingo. Kuna majivuno mengi duniani, lakini ya mtu aliyefanya kifaa kilichokufa kiwake tena ni matamu kwa namna yake.

Mwaka ule, miezi minne kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, ile printa ilianza vituko. Siku moja inafanya kazi, siku mbili inakataa. Ikikataa, Mama aliandika nambari kwa mkono kwenye karatasi, akazibandika kwa gundi, na foleni ikafika barabarani.

"Leo imeamkaje?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Imenuna. Jana tuliongea vizuri, leo hata salamu haiitikii."

Mpimaji mmoja aliyekuwa akipita na trei ya chupa hakuweza kujizuia. "Mama, hiyo mashine inataka vijana. Ikisikia harufu ya moshi wa kuni inaogopa!"

"Na wewe unanuka dawa hivyo, bibi yako hajatoroka?"

Foleni nzima ilicheka, lakini Mama hakucheka. Nami nilichomoa waya, nikaichomeka, nikazima kompyuta, nikaiwasha. Niliiondoa draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, kisha nikairudisha. Mara nyingine printa iliamka, mara nyingine ililala hadi jioni. Nilisingizia umeme, nikasingizia vumbi.

Meneja alichoka, akamwita fundi wa kampuni iliyotuuzia. Fundi aliinama nyuma ya kompyuta, akachomeka waya, taa ya kijani ikawaka, stika tatu zikatoka moja baada ya nyingine.

"Mashine iko sawa," alisema huku akijipangusa magoti. "Shida iko kwa mwenye kutumia."

Alilisema hilo mbele ya Mama. Mama alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Jumatatu iliyofuata meneja alinieleza uamuzi wake. Ijumaa, katika mkutano wa wafanyakazi, angetangaza kwamba Mama anahamishiwa stoo, na mapokezi yatapewa mtu anayejua mashine. "Amezeeka," alisema, bila ubaya wowote. "Msimu wa mvua unakuja. Siwezi kubahatisha."

Nilirudi mezani kwangu nimevunjika moyo. Stoo haikuwa na dirisha, wala mkulima wa kumwambia umetoka wapi. Nilijua kwamba nimekuwa nikiitazama mashine siku zote, na sijawahi kumtazama mtu anayeitumia. Basi Jumatano nilibeba kiti changu nikakaa naye mapokezi tangu tulipofungua.

Siku hiyo printa ilifanya kazi bila tatizo. Lakini saa kumi na nusu jioni, wakulima walipokwisha, Mama alichomoa waya zote ukutani na nyuma ya kompyuta, akaizungusha printa ndani ya leso ya maua ya zambarau kama mtoto mchanga, akaifungia kabatini.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Kulala."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sisi watu wa milimani tunajua radi. Wewe ulizaliwa Mlolongo kwenye barabara kuu, kwenu radi ikija inapiga malori. Kwetu, mwisho wa mvua zilizopita, ilipita kwa waya wa redio ikachoma nyumba ya kaka yangu. Tangu hapo mimi siachi kitu kwa ukuta."

"Na asubuhi unachomeka tundu gani huku nyuma ya kompyuta?"

"Lolote mkono unafika. Tundu si ni tundu?"

Hapo nikaelewa.

Mwaka mmoja kabla, mtu alikuwa ameleta flashi yenye virusi, ikameza matokeo ya wiki mbili. Nikaweka kufuli: nikaziamuru kompyuta zote zisipokee kifaa chochote kipya kitakachochomekwa. Kabla ya hapo, ukichomeka kitu, kompyuta ilikitafutia draiva yenyewe na kukikaribisha. Baada ya hapo ilikifungia mlango kimya kimya. Meneja alinisifu mbele ya watu. Nilimpigia mama yangu simu kumweleza, ingawa hakuelewa hata neno moja.

Kumbe printa ile ilikuwa imekaribishwa kabla ya kufuli, kupitia tundu moja kati ya matundu sita yaliyo nyuma ya kompyuta. Kwenye tundu hilo ilikuwa mwenyeji. Kwenye mengine matano kompyuta iliiona kama mgeni aliyetokea leo, nami nilikuwa nimeiagiza isipokee wageni. Fundi alikuwa ameangukia tundu lile kwa bahati tu. Na miezi mitatu ile, nilipoambiwa imekataa, niliirudisha waya palepale nilipoitoa, au popote, bila kuangalia.

Alhamisi nilifika mapema kuhakikisha. Nikajilaza chini ya meza na tochi ya simu, nikajaribu tundu moja moja. La chini upande wa kulia, karibu na mahali rangi imechubuka: taa ya kijani. Mengine yote: kifaa kisichojulikana, usakinishaji umezuiwa na msimamizi. Msimamizi ni mimi.

Ningeweza kuondoa kufuli hapohapo, printa ikapona, nami nikasifiwa tena. Lakini lile neno la fundi lingebaki limemganda Mama, na stoo ingebaki ikimsubiri. Alipofika nilimwambia yote, nikiwa bado nina vumbi la sakafuni mgongoni.

"Miezi mitatu," alisema, "nimekuwa nikienda nyumbani nikijiambia mikono yangu imekwisha."

"Nisamehe, Mama."

"Utaisema hivyo mbele yao?"

"Nitaisema."

"Basi useme kwa sauti. Wewe huwa unanong'ona kama uko kanisani."

Ijumaa nilisimama kabla meneja hajafika kwenye jambo lake. Nikaeleza kwa sauti habari ya kufuli na lile tundu moja. Nikasema mashine iko sawa, na anayeitumia yuko sawa, na aliyekosea ni mimi niliyeweka kufuli na kusahau nani atafungiwa nje. Yule mpimaji wa trei aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza kucha zake.

Meneja alikunja karatasi ya uhamisho iliyokuwa mbele yake. "Sawa. Basi waya ifungwe kwa lile tundu moja. Isitolewe tena."

"Na radi ikija, bwana meneja?" Mama aliuliza. "Mvua ni mwezi ujao. Radi huwa haipigi hodi."

Nilitazama leso iliyokuwa mapajani mwake, printa bado imelala ndani, nikajua kwamba kati ya Mama na kompyuta, anayepaswa kujifunza tabia ya mwenzake ni kompyuta.

"Haifai kufungwa," nilisema. "Nitaiandika printa hii kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Flashi zitaendelea kuzuiwa, lakini yeye atachomeka tundu analotaka."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Twende tuone," alisema meneja, na mkutano wote ukahamia mapokezi, ambako wakulima walikuwa wameshaanza kujipanga. Nikaandika namba ya utambulisho ya printa, herufi kwa herufi, nikahifadhi, nikawasha kompyuta upya, nikamwachia Mama kiti.

Aliifungua leso taratibu. Akachukua waya na kuchagua tundu la juu kushoto kabisa. "Hili halijawahi kunikubali," aliwaambia watu wote, akachomeka.

Kompyuta ilisita. Kwenye skrini kiduara kilizunguka, kikazunguka tena. Halafu ule mlio mdogo wa kupokea kifaa, na taa ya kijani. Stika ikatoka. Akachomoa, akaenda tundu la pili. Stika. La tatu. Alizunguka matundu yote sita bila haraka, kama anayepanda mbegu mstarini, na kila stika aliibandika ukingoni mwa meza, mbele ya meneja.

Meneja aliichana ile karatasi yake vipande viwili, akaviweka mfukoni. Mama aligeuka kunitazama. "Muvea muno," alisema, asante sana kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa yangu peke yangu. Sijawahi kupokea sifa ya kitabu iliyonijaza kifua namna ile.

Kisha akavuta kiti chake karibu na dirisha, akainua kichwa kuelekea kwenye foleni.

"Anayefuata! Wewe mwenye kopo. Hebu lete, huo si udongo wa Kinanie?"