Kalenda ya Ofisi na Mimba Yangu

Meneja wetu mpya alipenda mambo yajulikane mapema. Wiki yake ya kwanza Iringa alitufungulia kalenda ya pamoja kwenye simu, sisi na wenzetu wa Mbeya. Kila mtu ajaze siku atakazokuwa likizo au safarini, ili safari zetu za kuwahudumia wakulima mashambani zisikwame. Mimi niliyechoka kugombania gari la ofisi niliona ni wazo zuri.

Shida ilikuwa tumbo langu. Lilishaonekana, kila mtu alijua, na hakuna aliyelitaja, maana kwetu mtoto hatangazwi kabla hajafika. Mimba iliyotangulia niliitangaza kwa furaha, likizo yangu ya uzazi ikaandikwa kwenye ubao wa ofisi. Mtoto hakuishi. Niliporudi kazini niliikuta bado pale, nikaifuta mwenyewe kwa kitambaa. Sikuwa tayari kurudia hilo kwa ajili ya kalenda yoyote.

Basi miezi yangu ikabaki mitupu.

"Dada, mbona hujajaza?" meneja aliniuliza kikaoni.

"Nipo," nikamjibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Akamtazama mhasibu wetu, mama mtu mzima, kama anayeomba msaada. Mama yule hakuinua macho.

"Kasema yupo, bosi. Mpangie tu."

Akanipangia kweli: Ilula kwa wakulima wa nyanya, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na lile joto lake, kisha Madibira wakati wa kuvuna mpunga. Nilinuna siku nzima. Nilimchukia meneja, na mhasibu nikamchukia zaidi.

Asubuhi moja nikafungua kalenda nione safari ya kwanza. Chini ya jina langu, dereva wetu alikuwa amejiandika kuonana na wakulima wa Ilula. Ruaha Mbuyuni walijiandika wenzetu wa Mbeya. Madibira alijiandika mhasibu, yeye ambaye hapendi hata kutoka nje ya geti. Hakuna aliyeniambia neno, nami sikumuuliza mtu. Nililia pale pale mezani, nikasingizia mafua.

Mwanangu alizaliwa siku ya safari ya Madibira. Nikiwa bado kitandani hospitali nikaomba simu yangu, nikajaza: likizo ya uzazi, kuanzia leo. Kalenda ikawapelekea wote taarifa. Dereva alinisimulia baadaye kwamba mhasibu alikuwa katikati ya mpunga simu ilipoita, akasoma, akapiga vigelegele mpaka wavunaji wakaacha kazi.