Nyasi za Wifi Ethel

Dominika hakuwahi kuusahau ule ufagio. Alikuwa mke mpya kule Lupaso siku wifi yake Ethel alipokuta majani machache uani, akamwita mbele ya ukoo mzima: "Umeolewa na mtu au na mbuzi?" Kisha akamtia ufagio kwapani, akamrudisha kwao akajifunze kufagia. Mumewe Bonifasi alitazama chini, dada mtu hapingwi. Mwezi mzima Dominika alikaa kwa mama yake, na wasichana kisimani wakamwita Mama Mbuzi.

Miaka ikapita, biashara ya korosho ikaachwa huru, mume wa Ethel akageuka mnunuzi. Wakajenga Masasi mjini, na Ethel akaiga mambo ya Dar es Salaam: hataki tena uwanja wa kufagia, anataka nyasi! Akaagiza mbegu, akazimwaga mbele ya nyumba, maana ndugu wa mchumba wa binti yake Loveness walikuwa wanakuja kuleta mahari, watu wa mjini hao. Alipokwenda kuwapokea Mtwara na kukaa huko kwa shughuli zake, nani aachiwe kazi? Wifi wa shamba.

"Nyunyiza asubuhi na jioni, polepole, mbegu zisihame. Kuku asitie mguu."

"Sawa, wifi," akasema Dominika, na moyoni anacheka.

Alizitunza kwelikweli. Alibeba maji kichwani, akayanyunyiza kwa kiganja, akafukuza kuku mpaka sauti ikamkauka. Zilipochipua alizipapasa, akazionea huruma, kwani naye ni mkulima. Lakini huruma hiyo haikufika mbali. Angeweza kuziacha zife kwa kiu, hakutaka. Alitaka zipendeze kwanza, majirani wazisifu, habari zimfikie Ethel huko aliko.

Asubuhi ya ugeni akashika jembe. Akakwatua zote, akafagia, uwanja ukabaki mweupe.

Gari likasimama. Ethel akashuka na wageni wake, akaganda.

"Shikamoo, wifi!" Dominika akapiga goti, sauti ikisikika hadi barabarani. "Nimekuta majani uani kwako, nikaona aibu. Wageni wasije wakauliza kama kijana wao anaoa kwa watu au kwa mbuzi."

Mzee mmoja wa wageni akacheka, akausifu usafi. Dominika akainuka, akamtia Ethel ufagio kwapani, taratibu, akashika njia ya Lupaso.