Mdakaji Aliyefumba Macho

Anselmo Tavárez ana ugomvi wa miaka ishirini na sita na saa ya kupimia sekunde anayoivaa shingoni. Ndiyo inayomlisha. Yeye ni msaka vipaji wa timu ya besiboli ya Marekani, na kazi yake ni kuzunguka viwanja vya hapa mjini kwetu Baní akipima vijana, kisha kuiandikia timu nani asajiliwe. Lakini kila jioni huivua saa hiyo na kuitupa juu ya friji kama panya mfu. "Hii imetufanya wote wajinga, mwalimu," huniambia kupitia ua unaotenganisha nyumba zetu. "Na mjinga wa kwanza ni mimi."

Jumanne nilifuatana naye, kwa kuwa kijana wa kupimwa, Yoandri Frías, alikuwa mwanafunzi wangu mpaka alipotolewa darasani akiwa na miaka kumi na mitatu. Aliyemtoa ni Chichí Mojica, kocha wa mtaani anayewalisha vijana na kuwafundisha, kisha huchukua fungu lake siku wanapotia saini mkataba na timu. Sasa Yoandri ana miaka kumi na sita na ni mdakaji: huchuchumaa nyuma ya mpigaji, hudaka mipira ya mrushaji, na mpinzani akikimbia kuiba beisi ya pili, yaani kukifikia kituo hicho kabla ya mpira, yeye huinuka na kufyatua mpira ili mwizi akamatwe. Saa hupima hapo, tangu mpira unapogonga glavu yake hadi unapogonga glavu ya mwenzake kwenye beisi. Ikiwa chini ya sekunde moja nukta tisa, simu za timu huanza kulia.

Wasaka vipaji wanne walijipanga nyuma ya wavu. Yoandri akarusha.

"Moja nukta themanini na nne!" Chichí alipaza sauti hata kabla hawajasoma saa zao. "Mmeona, mabwana? Huo mkono au bunduki? Andikeni, wino ni bure!"

Wakaandika. Anselmo alisonya. "Mtazame yule wa beisi ya pili," akaninong'oneza.

Nikamtazama. Kijana mpokeaji, waliyemwita Bolo, hakuwa kwenye beisi. Alisimama hatua mbili mbele yake na kunyoosha mkono ili aupokee mpira njiani na kupunguza sekunde.

"Kila kiwanja ni hivi. Kila kiwanja! Wanadhani haya macho nimeyaazima." Akapaza sauti: "Chichí, sasa nataka kumwona akidaka. Niletee mrushaji mbovu kuliko wote ulio nao."

"Mkono umeuona, mzee wangu. Unataka na harusi?"

"Nataka mbovu."

"Hao ninao tele."

Mipira ikaanza kudunda mchangani mbele ya Yoandri. Kila mmoja ulipokuja aligeuza kichwa na kufumba macho, nao ukampita na kugonga wavu. Wa kwanza, wa tatu, wa sita.

"Miaka mitatu!" Anselmo alifoka. "Miaka mitatu unaye, hujamdundishia hata mmoja?"

"Akivunjika kidole je? Anarusha mara mia mbili kwa siku. Hicho ndicho mnachonunua. Utaratibu huu nimeutunga mimi?"

Kilichonikera zaidi ni kwamba hakusema uongo. Tumekubaliana, sote watu wazima, kumfundisha mtoto kile kitakachoonekana kwa dakika kumi, na mengine hakuna anayeyauliza. Shuleni kwangu pia wapo wanaokariri majibu bila kulijua swali, na tunawapigia makofi.

Anselmo alikuwa ameshafunga daftari. Chichí akaamuru rusho la mwisho, ili mzee aondoke na ladha nzuri mdomoni. Yoandri akachuchumaa, akatazama mbele, kisha akainuka na kuvua kinyago.

"Bolo! Rudi kwenye beisi."

"Nipo sawa hapa, bwana."

"Hupo. Rudi."

"Wewe, rusha mpira!" Chichí akafoka.

"Nitarusha, kocha. Akirudi."

Bolo alimtazama Chichí, akamtazama Yoandri, akarudi. Mpira ukaruka. Moja nukta tisini na nane.

Wale wasaka vipaji wengine watatu wakafuta walichoandika, wakaenda kwenye magari yao. Chichí akaibamiza kofia chini. "Mpumbavu! Hiyo themanini na nne ndiyo ingemjengea mama yako nyumba!"

Anselmo akamwendea kijana. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Don Anselmo. Wenzangu wote wananitazama mimi, na mimi peke yangu ninawaona wote kwa mbele. Mtu akisimama vibaya, ni juu yangu kumwambia."

Alasiri Anselmo alimpigia simu mkubwa wake aliye Florida, nami nikiwa barazani kwake.

"Moja nukta tisini na nane?" sauti ilisema. "Hao ninao kapu zima. Nasikia kulikuwa na themanini na nne."

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na saa ilikuwa imeisema kweli. Angeisoma tu, mkataba wa Yoandri ungeandikwa jioni ile. Anselmo akaufunika ukurasa ule kwa kiganja.

"Hiyo ilipimwa pasipo beisi," akasema. "Mkono wa kawaida. Kuzuia mipira ya chini, sifuri. Kuongoza wenzake, sijaona kama huyu tangu nianze kuota mvi."

"Hilo la mwisho halina nafasi kwenye fomu."

"Nimeliandika pembeni."

Mkubwa akatoa alichoweza kutoa: wiki mbili za mechi kwenye kambi ya timu huko Boca Chica, mwisho wa mwezi. Akiendelea kupitwa na mipira ya chini, arudi kwao.

Tangu siku ile sinywi kahawa kwa amani. Alfajiri Yoandri huja na kinga yake ya kifua, na Anselmo, mwenye miaka hamsini na minane na goti bovu, humdundishia mipira uani. "Umefumba tena! Mpira haukuli!" Jana nilihesabu nikiwa dirishani: katika mipira thelathini, alifumba macho kwa saba. Juzi ilikuwa kumi na moja. Nilipomwambia Anselmo kwamba hayo ni maendeleo, aliniuliza kama na mimi sasa nimenunua saa.